Poda Yenye Jina Lako

Eldoret, Jumamosi mchana

Chebet mwanangu,

Nimetoa ile mikebe mitatu ya poda uliyokuwa umeiviringisha ndani ya sweta katikati ya sanduku lako. Usiitafute. Najua ulitaka kuwaonyesha walimu wako huko India kwamba mama yako alisaga zinki mpaka ikawa laini kuliko kitu chochote kinachouzwa Nairobi. Ulisema hivyo hivyo siku ya mahojiano ya skolashipu. Nilikuwa nimekaa nje kwenye benchi, dirisha lilikuwa wazi, nikasikia kila neno. Wale wazee wakakusifu, mmoja akasema nchi inahitaji akina mama kama huyo. Nilipaswa kuinuka wakati ule, nigonge mlango, niseme. Nilikaa. Ulipotoka ukicheka nilikushika mkono, tukaenda kunywa chai.

Sasa umekwenda Moiben kumuaga kogo, nyanya yako, na nyumba imenyamaza. Nina mchana huu mmoja. Mambo ya sweta na chakula na jinsi ya kukaa na watu wa nchi nyingine, shangazi zako wamekuambia mpaka umechoka. Mimi nitakuambia jambo ambalo hakuna mtu mwingine angeweza kukuambia, kwa sababu kwa miaka mingi nilihakikisha kwamba hakuna mwingine anayelijua.

Ulikuwa darasa la nne Daktari Ombati alipokuja kufundisha kemia pale chuoni. Unamkumbuka kidogo, yule Mkisii mrefu aliyekuletea penseli za rangi. Mimi nilikuwa fundi wa maabara. Kwa maneno mengine, nilikuwa mtu wa kuosha vyombo vya glasi, kupima dawa, na kuwafungulia mlango watu waliosoma kunishinda. Daktari alikuwa amejifunza ng'ambo namna ya kusaga madini mpaka chembe zake zikawa ndogo ajabu, ndogo kiasi kwamba hata hadubini yetu haikuziona. Wenzake walimwuliza kazi ya unga usioonekana ni ya nini. Mimi sikumwuliza, nilizoea kunyamaza, lakini siku moja akaniita mwenyewe.

"Salina, hebu niambie," akasema, "poda ya dukani ukijipaka unafananaje?"

"Nafanana na mtu ametoka posho mill kusaga unga," nikamwambia.

Akacheka sana. Halafu akanieleza. Chembe kubwa ya zinki inarudisha mwanga, ndiyo maana tunaiona nyeupe, na ndiyo maana kwa ngozi yetu inakaa kama majivu. Ukiisaga ikawa ndogo kupita kiasi, mwanga unapita, weupe unapotea, lakini kazi yake inabaki: inakausha jasho, inatuliza ngozi, inazuia jua. "Poda zote hizi zimetengenezewa mtu mwingine," akasema. "Mama zetu wakiona haziwafai, hawalaumu poda. Wanalaumu ngozi zao. Kisha wanakwenda kununua sabuni yenye zebaki wajichubue. Nataka wapate kitu chao."

Tulisaga kwa pipa dogo la chuma lililozunguka kwa mota, ndani yake mkiwa na mipira ya kauri migumu kama marumaru. Mipira inagongana, zinki inakatika katikati. Siku nyingi, Chebet. Tulikosea mara nyingi. Siku tulipofaulu, mtu wa kwanza kujipaka alikuwa mpishi wa chuo, mama mmoja mwenye alama za kuungua shavuni. Hakukuwa na kioo mle maabara, akajitazama kwenye glasi ya dirisha. Alisimama hapo muda mrefu, kisha akasema polepole, "Kumbe ni mimi tu."

Nakuandikia hilo ili ujue kwamba mwanzo wake haukuwa mbaya. Huo mwanzo nimejificha nyuma yake miaka yote hii.

Daktari alikataa kabisa tuiuze. Alitaka ipimwe kwanza, kwa ngozi, na zaidi kwa pumzi. Alinionyesha kidole chake kikiwa na poda ambayo haikuonekana. "Kitu kidogo namna hii kinapita mahali ambapo kikubwa hakipiti," akasema. "Kama mwanga unakipita, kesho nani ataniambia hakiwezi kupita kwenye pafu?" Wakati tukisaga alitufungisha vitambaa puani na kufungua madirisha yote, hata wakati wa baridi ya Julai.

Kisha akaondoka. Unajua miaka ile ilivyokuwa, na bado hatujatoka kabisa. Watu walipima maneno hata mezani kwao. Mwalimu akiuliza swali moja kwenye mkutano, wiki inayofuata wanafunzi wanamkwepa. Daktari aliuliza swali. Sikujua ni watu gani waliomtembelea nyumbani wala walimwambia nini, na sikuuliza. Alikuja maabara siku ya Ijumaa akiwa amevaa koti la safari, akasema anakwenda Zambia, akanipa daftari lake la kazi.

"Endelea kuuliza, Salina," akasema. "Usiuze."

Nikamwambia sawa. Baadaye watu wakaja kuniuliza kama alikuwa rafiki yangu, nikasema mimi ni mwosha vyombo tu, simjui. Niliona jibu langu likiwaridhisha. Mwanangu, kuna uongo ambao ukishausema mara ya kwanza unaona ni mwepesi, na hapo ndipo unapopotea.

Sitasingizia umaskini. Baba yako alikuwa ameshafariki, ndiyo, lakini mshahara wa chuo ulitutosha kula na kukusomesha. Nilichokuwa na njaa nacho ni heshima. Nilikuwa nimeosha glasi za watu miaka kumi. Nilikuwa na daftari mkononi, na mwenye daftari alikuwa Zambia. Nikaanza kujiambia kwamba nusu ya kazi ile ilikuwa yangu, halafu robo tatu, halafu siku moja nikaandika jina langu peke yangu kwenye fomu ya maonyesho ya kilimo.

Kwanza nilikwenda kwa Mzee Abdi mwenye duka, kwa sababu lori zake zilifika Kitale, Kapsabet na mpaka Lodwar. Nilikwenda nawe. Ulikaa juu ya gunia la mchele ukila biskuti alizokupa. Alifungua mkebe, akanusa, akampaka binti yake nyuma ya mkono, akautazama karibu na taa.

"Mama Chebet," akasema, "mimi ni mtu ya duka. Sukari najua, shuka najua. Hii sijui. Wewe ndio umesoma. Iko na madhara?"

"Haina."

"Imepimwa?"

"Imepimwa."

Aliufunga ule mkebe taratibu. "Unaniambia hivyo kama mtu ya biashara ama kama mama?"

"Kama mama," nikasema.

Akanipa mkono. Kisha akauliza itaitwaje. Nikakutazama pale juu ya gunia, uso wako umejaa makombo ya biskuti, nikasema itaitwa Chebet. Ulifurahi mpaka ukaruka chini. Hivyo ndivyo jina lako lilivyofika kwenye mkebe, mwanangu. Lilifuata uongo wangu hata dakika haijaisha.

Nilinunua pipa langu la kusagia na mota ya zamani kutoka kwa fundi wa kiwanda cha nguo. Tukayaondoa magunia ya mahindi kwenye kile chumba cha nyuma. Kusaga nilifanya mwenyewe nikitoka kazini, lakini kuchekecha, kupima na kujaza mikebe kulihitaji mtu wa kushinda hapo. Ndipo Nafula akaja.

Kuhusu Nafula huhitaji kuelezwa na mimi. Alikusuka nywele, alikufundisha nyimbo za Kibukusu mpaka kogo wako akalalamika kwamba tunakugeuza. Alitoka mtaa wa Langas kila asubuhi kwa miguu, anaimba kuanzia kwenye lango. Msichana wa miaka kumi na tisa mwenye kifua cha kujaza kanisa. Kwenye kwaya yao walimweka nyuma ili asiwafunike wengine.

Sasa kumbuka jambo moja. Kumbuka jinsi nilivyokukataza kuingia chumba kile. Ulipigwa mara moja tu na mimi utotoni mwako, na ilikuwa ni kwa sababu nilikukuta umekaa pale kwenye kigoda karibu na Nafula ukichora kwa kidole juu ya vumbi la meza. Nilikuburuta mpaka nje, nikakuosha uso na pua kwa maji baridi, ukalia. Nafula alisimama mlangoni akiwa mweupe nyusi na kope. Akaniuliza, "Mama Chebet, kwani iko mbaya?"

Nikamjibu, "Hapana. Ni mtoto tu, ataharibu kazi."

Akarudi ndani.

Nilikufungia wewe mlango, nikamfungulia yeye. Sentensi hiyo nimekuwa nikiizunguka tangu saa nne asubuhi, na sasa nimeiandika. Ukichoka kusoma, soma hiyo peke yake. Mengine yote ni maelezo.

Lakini nitaendelea, kwa sababu kulikuwa na baya zaidi.

Ile mipira ya kauri ilianza kupasuka mwaka wa pili. Mipya ilipaswa kutoka ng'ambo, na ingechukua miezi. Maonyesho yalikuwa wiki tatu mbele, na nilikuwa nimeambiwa kwamba mkubwa mmoja wa chama atapita kwenye meza yangu na mke wake. Nikaenda mtoni kule Moiben, nikaokota mawe meupe, yale magumu yanayong'aa, mviringo kama mayai ya njiwa. Yalisaga vizuri kuliko kauri. Nilifurahi jinsi nilivyo mwerevu.

Katika daftari la Daktari kulikuwa na ukurasa kuhusu mawe hayo. Aliandika kwa wino mwekundu kwamba yasitumike kamwe, kwa sababu nayo yanasagika, na vumbi lake likiingia kifuani halitoki tena; linalifanya pafu kuwa gumu polepole, kama linavyowafanya wachonga mawe. Niliusoma ukurasa ule kabla ya kwenda mtoni. Nikausoma tena baada ya kurudi. Hata nilichukua poda kidogo nikaiweka chini ya hadubini ya chuo, nikaona vipande vinavyometameta mle ndani ambavyo havikuwa zinki. Nilivitazama. Kisha nikazima taa ya hadubini, nikafunga daftari, nikaenda kukupikia.

Nilijiambia ni kwa wiki tatu tu. Yule mkubwa alipita, mke wake akajipaka, akajitazama, akatabasamu. Nikapigwa picha nimevaa beji kifuani na utepe juu ya meza. Mkuu wa chuo aliyekuwa hajui jina langu alinisalimia kwa mikono miwili. Mipira ya kauri ilipofika, nilikuta si mizuri kama mawe, ilisaga polepole, na maagizo ya Mzee Abdi yalikuwa mengi. Nikairudisha kwenye sanduku lake. Wiki tatu zikawa miaka minne.

Siku moja alikuja bwana afya, akasimama kwenye mlango wa chumba kile akifunika pua kwa mkono, akauliza maswali mazuri. Nikamwonyesha ile picha yangu na mkubwa, nimeitundika ukutani. Aliitazama, akafunga kitabu chake, akaniaga kwa adabu. Nikaona nimeshinda. Kumbe yule ndiye mtu wa mwisho aliyekuja kunisaidia.

Dirisha la chumba kile lilikuwa dogo, na upepo wetu wa Eldoret unaujua. Nafula aliniomba mara nyingi, "Mama, tufungue kidogo, kifua inabana." Nikamwambia poda itapeperuka. Nikampa kitambaa. Kitambaa, Chebet, kwa vumbi ambalo hata hadubini ilikuwa hailioni lote.

Alianza kukohoa. Nikasema ni baridi. Akaacha kuimba njiani kutoka kwenye lango. Nikasema amekua, ametulia. Mwaka wa nne wa yale mawe alikuwa akifika anakaa kwanza kwenye jiwe pale nje apate pumzi kabla ya kuingia, na wewe ulimpelekea maji. Hospitalini walimtibu kifua kikuu bila kupata vijidudu vyake. Daktari aliyempima alimwuliza kama amewahi kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe. Akarudi akanisimulia huku akicheka, "Anafikiri mimi ni mwanaume ya kupasua kokoto." Nami nikacheka naye. Nilicheka, mwanangu. Nilikuwa na jibu la swali la yule daktari mdomoni.

Wiki ile nilimwambia kazi imepungua, aende akapumzike nyumbani kwao Bungoma. Nilisema kwa sauti ya upole sana. Akaniuliza kama anaweza kukungoja utoke shule mwagane. Nikamwambia ungechelewa.

Wewe nilikuambia ameolewa ghafla. Ulilia siku tatu kwa sababu aliondoka bila kukuaga. Uliandika barua mbili, ukanipa nizitume. Sikuzituma, kwa kuwa Bungoma hakukuwa na pa kuzituma. Nafula hakwenda Bungoma. Hakuwa na mtu Bungoma. Miaka yote hii amekuwa Langas, mwendo wa nusu saa kutoka hapa ulipokuwa ukilala. Ndiyo maana nilikuwa nikikukataza kupitia njia ile, nikisema kuna walevi.

Baada yake sikuajiri mtu mwingine, nikarudisha mipira ya kauri, nikafungua dirisha. Unaona basi nilijua. Mtu asiyejua hawezi kujirekebisha vizuri namna hiyo.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda hospitali kuchukua kadi yako ya chanjo. Kwenye benchi la wanaongoja niliona mwanamke mwembamba amejishika magoti, mabega yanapanda na kushuka kama ya mwanariadha aliyetoka kukimbia Kaptagat, na hakuwa amekimbia popote. Alikuwa amepanda ngazi tatu. Nilimjua kwa mikono yake. Nikajificha nyuma ya mlango wa famasia mpaka akaitwa. Mimi, mtu mzima, mwenye picha ukutani. Nilipotoka pale nilikuwa nimekunja kadi yako mpaka ikachanika, ndiyo maana uliniona nikiibandika kwa gundi.

Jumatano iliyopita nilikwenda kwake. Chumba kimoja, safi, kitanda kimeinuliwa upande wa kichwa kwa matofali kwa sababu hawezi kulala chali. Hakushtuka kuniona. Aliniambia, "Karibu, Mama Chebet," akatafuta kikombe. Nikamwomba asihangaike, lakini akaninywesha chai kwanza. Kila hatua alipumzika. Ilibidi ninywe.

Kisha nikasema yote. Mawe, daftari, ule ukurasa, siku ya kukuburuta. Nikatoa zile barua zako mbili nilizokuwa nimezificha. Alizisoma moja baada ya nyingine akifuata mistari kwa kidole.

"Hapa anauliza kama nilimkasirikia," akasema. "Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia umeolewa."

Akazikunja. Nilisikia pumzi yake tu, ina sauti kama kitambaa kinachopasuliwa taratibu.

"Vumbi nilijua ni mbaya," akasema mwishowe. "Mtu anajua kitu inaingia kwa kifua yake. Nilisema, Mama Chebet hajui, angekuwa anajua angeniambia. Hiyo ndio ilikuwa inanipa nguvu. Kumbe ulikuwa unajua."

Nilitaka kumwomba msamaha, nikaacha, kwa sababu niliona kwamba hata hilo ningekuwa namwomba anipe kitu tena. Hakunifukuza. Alisema amechoka, angependa kulala. Nikatoka.

Siku iliyofuata nilimwandikia daktari wake kila kitu alichovuta, kwa miaka mingapi, ndani ya chumba cha ukubwa gani. Aliniita. Alisoma, akaniuliza kama nimekuja na daftari, nikampa. Aliniambia pafu lililokwisha kuwa gumu halirudi. Lakini kuna dawa ambazo Nafula amekuwa akizimeza bure, zikimchosha ini, na hizo zitasimamishwa. Na angeambiwa mapema, angeondolewa kwenye vumbi akiwa bado na kifua cha kuokoa. Alisema hayo bila ukali. Ningependelea ukali.

Kisha nikaenda kwa Mzee Abdi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaita wafanyakazi, wakaanza kuitoa mikebe kwenye rafu mbele yangu. Nikamwambia kwamba waliojipaka usoni huenda hawakuvuta ya kudhuru, kwamba sijui. "Sasa unasema hujui," akasema. "Siku ile hiyo neno ilikuwa wapi?" Hakunitazama tena. Miaka yote hiyo wateja wakimwuliza kama poda ni salama, alikuwa akiwaambia mwenye kuitengeneza ni mama.

Na mwisho nimepeleka maelezo yangu ofisi ya afya, yenye sahihi yangu, na mengine nimetuma Zambia kwa anwani ya zamani ya Daktari Ombati. Sijui kama yatamfikia. Ukiwa huko unaweza kusikia nimeitwa kujibu, au nimeachishwa kazi. Usiogope, na usimlaumu mtu. Inawezekana pia hakuna atakayeniita, maana nchi hii imezoea kufunga majalada. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Habari za skolashipu yako nimezifikiria sana. Uliipata kwa alama zako, lakini ulipowasimulia habari yangu uliwasimulia uongo bila kujua. Sitakuambia ufanye nini. Nikikuambia nyamaza, nitakuwa nimekupitisha njia yangu. Nikikuambia sema, nitakuwa nimekubebesha mzigo wangu siku ya kwanza ugenini. Jua tu kwamba ukiamua kuwaandikia, hutanivunjia heshima. Iliyokuwepo niliivunja mwenyewe.

Watakufundisha kupima kila kitu, na utakuwa hodari, nimekuona. Kuna siku utapima kitu unachokipenda na jibu litakuwa baya, na nje watu watakuwa wanakungoja na utepe. Nimekaa hapa natafuta maneno ya kukusaidia siku hiyo na sijayapata. Nilikuwa na maneno yote, yameandikwa kwa wino mwekundu, na nikafunga daftari. Labda ni hivi tu: hofu yangu haikuwa kubwa siku ile kwenye hadubini. Ilikuwa ndogo, ningeweza kuishinda kwa sentensi moja. Ilikua kwa kila siku niliyonyamaza, na mpaka Nafula anaacha kuimba hofu hiyo ilikuwa imenizidi kimo.

Kesho basi lako la Nairobi linaondoka saa sita mchana. Nafula anakungoja saa mbili asubuhi. Nilimtumia ujumbe kupitia jirani yake kuuliza kama anaweza kukuona, na akajibu uje, ila uje peke yako. Ni nyuma ya kanisa la mabati, mlango wa buluu. Ongea naye polepole, na yeye akinyamaza usimmalizie maneno, anatafuta pumzi. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Hiyo ni kazi yangu, nami nitaifanya kila Jumatano atakaponiruhusu kuingia.

Mizigo yako mjomba wako ataipitia mapema. Nimemwambia akungoje kule Langas barabarani, na kama ukitoka kwa Nafula hutaki kurudi hapa, akupeleke moja kwa moja kituoni bila kukuuliza sababu. Nitaelewa. Sitakuja kukutafuta kwenye basi mbele ya watu ukalazimika kunikumbatia.

Lakini kama utataka nikusindikize, pita nyumbani. Nitakuwa nimevaa viatu, nimekaa mlangoni.

Ni mimi niliyekuzaa, hilo sikudanganya,
Salina